Mabwawa Yaliyokwisha Kuzinduliwa

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba naipenda serikali yangu. Mimi ndiye mpiga ngoma kubwa wa Bendi ya Taifa ya Uzinduzi, na mshahara wangu unatoka huko huko, kwa hiyo upendo wangu hauna shaka. Jina la nchi yetu silitaji. Anayeijua anaijua, na asiyeijua atashukuru.

Kazi yangu ni hii. Mgeni rasmi anakata utepe. Utepe ukikatika, mimi napiga pigo moja zito, na hapo kitu kimekuwepo. Sheria yetu iko wazi: kitu kilichozinduliwa kimekamilika, na kilichokamilika hakiguswi tena na mtu. Ukikijenga baada ya hapo, umemwambia mgeni rasmi kwamba siku ile alikata utepe hewani, na hilo ni kosa la kudhalilisha mamlaka. Ndiyo maana tuna hospitali ya rufaa ambayo ni mlango na fremu yake, umesimama peke yake uwanjani, na wagonjwa wanaingia upande huu wanatokea upande ule wakiwa wametibiwa. Tuna daraja ambalo ni nguzo moja. Wanaovuka pale kwa kuogelea wanatakiwa kukaa kushoto, kama watu walio darajani.

Nayasema haya kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine, ambako naambiwa watu hujenga kwanza. Kila watu na mila zao.

*

Sasa kiwanda. Serikali ilisikia kwamba mafuta machakavu ya kukaangia chipsi yanaweza kugeuzwa dizeli, ikafurahi sana, kwa sababu vitu vilivyochakaa tunavyo tele. Kikajengwa kiwanda pale Mlima Nyuki, juu kidogo ya mto Kisuma. Kilijengwa kweli kweli, maana wafadhili walikuja na mafundi wao wenyewe kabla bendi haijafika.

Mafuta yanaingia, yanachanganywa na spiriti kali na kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, na dizeli inajitenga. Lakini inatoka ikiwa na sabuni ndani, kwa hiyo inaoshwa kwa maji. Dizeli inabaki safi. Maji yaliyoiosha yanatoka meupe, yana povu, yanateleza, na harufu yake inakaa puani hadi kesho yake.

Mhandisi wa kiwanda aliitwa Lwitiko, mtu mwembamba aliyesomea mambo hayo ughaibuni na akafanya kosa la kurudi. Alimweleza Mheshimiwa Baltazari Ndimbo, Waziri wa Maji Yaliyokwisha Kutumika, nami nilikuwa pale pale nakaza ngozi ya ngoma yangu.

"Mheshimiwa, maji haya hayawezi kwenda mtoni hivi hivi. Tunahitaji mabwawa matatu. La kwanza yatulie, mafuta yaelee tuyaengue. La pili tuyatie tindikali kidogo kidogo, ile kostiki ipoe. La tatu tuweke vijidudu vya kula uchafu uliobaki. Baada ya hapo ndiyo yaende mtoni."

"Vijidudu," alisema Waziri, akitikisa kichwa kwa heshima. "Na kuchimba hayo yote ni muda gani?"

"Miezi kadhaa, Mheshimiwa."

"Uzinduzi ni Ijumaa."

"Uzinduzi wa nini?"

"Wa mabwawa."

Mhandisi aligeuka kuyatafuta hayo mabwawa. Alikuwa bado mgeni nchini kwake.

Ijumaa ikafika. Utepe ulifungwa kwenye majani, kati ya vigingi, na kando yake likawekwa jiwe lenye jina la Waziri kwa herufi kubwa na jina la mabwawa kwa herufi ndogo. Mheshimiwa alihutubia jua likatuchoma.

"Ndugu wananchi, maji ni uhai. Na maji machafu je? Nayo ni uhai, ila ni uhai uliopotea njia. Leo serikali yenu inayashika mkono, inayarudisha njiani. Wenye wivu watauliza, mabwawa yako wapi? Nami nawauliza, wao wako wapi?"

Makofi yalikuwa makubwa. Utepe ukakatika, nikapiga pigo langu, mabwawa yakawepo. Na kwa vile utepe ulibaki, Mheshimiwa akazindua na choo cha umma cha Mlima Nyuki, hapo hapo, hatua chache pembeni. Nacho kikapata jiwe lake.

Kisha bomba la kiwanda likafunguliwa. Maji meupe yakateremka kwenye majani, yakalipita jiwe, yakaingia Kisuma. Kisheria yalikuwa machafu mpaka kwenye jiwe. Yakishalipita jiwe, yalikuwa safi.

*

Bendi ilibakishwa Mlima Nyuki kusubiri uzinduzi mwingine, nami nikapanga chumba uani kwa Bi Nyamizi. Huyu ni mjane, ana bustani ya mchicha na matembele kando ya Kisuma, na bata wake. Soko lote la pale lilikula mboga zake, na yeye aliishi kwa bustani ile na mto ule, basi, hana kingine.

Mchicha ndio ulioanza kunyauka, kuanzia kwenye ncha za majani. Vyura wakanyamaza. Halafu siku moja bata waliingia mtoni asubuhi kwa madaha yao ya kila siku, wakazama.

Sitanii. Bata anaelea kwa sababu manyoya yake yana mafuta, na maji yale yalikuwa na sabuni ya kutosha kumvua bata mafuta yote. Bi Nyamizi aliwavuta kwa fimbo aliowawahi. Aliyekufa alimfunga kwenye kanga akampeleka kwa Mtendaji wa Kata, na mimi nikamsindikiza, maana mpangaji ana adabu zake.

Mtendaji Sadala angeweza kuzaliwa na Bi Nyamizi. Hata hivyo alikaa kimya kitini mpaka mama wa watu akamwamkia yeye kwanza, ndipo akaitikia.

"Mtendaji, bata wangu wanazama," alisema Bi Nyamizi, akamweka bata mezani.

Mtendaji alimgeuza yule bata kwa ncha ya kalamu. "Huyu ni bata?"

"Ni bata."

"Mama yangu, bata anaogelea. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Huyu unasema amezama. Basi ama hakuzama, ama si bata. Nishike lipi?"

"Shika kwamba maji ya kiwanda ni ya sabuni. Mimi mwenyewe nikinawa mtoni mikono inateleza, jembe halishikiki. Nikishika chungu kinanitoka. Ngozi inawasha mpaka jioni."

"Maji hayo yamepita kwenye mabwawa."

"Mabwawa yako wapi?"

"Yamezinduliwa."

"Sikukuuliza yamefanywa nini. Nimekuuliza yako wapi."

Mtendaji aliinuka akafunga dirisha. "Sikiliza, mama. Yakichimbwa sasa, ina maana siku ile Mheshimiwa alizindua majani. Wewe unataka kumwambia Waziri mzima kwamba alizindua majani?"

"Ndiyo," alisema Bi Nyamizi.

Mtendaji alinigeukia mimi, mtu wa serikali mwenzake, nimsaidie. Mimi nikamtazama bata.

*

Serikali yetu ni sikivu. Iliunda Tume ya Kuyaona Mabwawa. Wajumbe wake walikuwa jaji mstaafu, maprofesa wenye miwani ya kutosha, na shemeji yake Waziri, aliyekuwa akiwakilisha umma. Walishuka bondeni na miavuli, wakatembea kingoni, wakala mbuzi, wakatembea tena.

Tume ilikuwa na tatizo moja. Mabwawa hayakuonekana, na kusema hayapo ni kosa. Watu wa kawaida tungekwama hapo, lakini wale walikuwa wamesoma. Profesa mmoja aliona mafuta ya kiwanda yamenasa kwenye matete ya kingo. Akasema, hili ndilo Bwawa la Kwanza. Mbele kidogo, mahali soko linapotupa maganda ya malimau, mwingine akainusa hewa akasema, tindikali, hili ni Bwawa la Pili. Wakafika kwa Bi Nyamizi.

"Bwawa la Tatu," alisema jaji. "Na kwa mujibu wa mchoro wa mhandisi, hapa pawe na vijidudu vya kula uchafu uliobaki. Viko wapi?"

Wakatazama majini, wakatazama kingoni. Wakainua macho wakaziona nyumba.

Ripoti ilisomwa hadharani kwa kipaza sauti. Ilisema kwamba mto Kisuma ndio mabwawa, na umekuwa mabwawa tangu siku ya uzinduzi bila wenyeji kutambua kwa sababu ya elimu yao ndogo. Ilisema pia kwamba wakazi wa bonde, kwa kuyanywa maji hayo, kuyapikia na kuyamwagilia, wanayapunguzia uchafu kwa ufanisi wa kuridhisha. Kisha vikagawiwa vizibao vya rangi ya chungwa. Kifuani viliandikwa KIJIDUDU, na mgongoni BWAWA LA TATU. Atakayekutwa bondeni bila kizibao atahesabiwa mvamizi wa mitambo ya serikali, na ataondolewa kwenye ardhi.

Bi Nyamizi alikivaa. Jioni alinikuta uani nafuta ngoma, akakaa kwenye kinu kilichoinamishwa.

"Mume wangu aliniita mengi, Mungu amrehemu," alisema. "Mdudu hakuniita."

Aibu ilinishika, na ningependa kuwaambia ilikuwa ya nani, ila mshahara unatoka mwisho wa mwezi.

"Hebu niambie, mpiga ngoma. Utepe usipokatika, wewe unapiga?"

"Sipigi."

"Na usipopiga?"

"Kitu kinakuwa hakijazinduliwa."

"Na kisichozinduliwa kinaruhusiwa kuchimbwa."

Nilifikiri. "Hakuna sheria inayokataza, Bi Nyamizi. Haijawahi kutokea tu."

Akaitazama mikono yake, iliyokuwa imebabuka na bado inateleza, akaenda zake kupika.

*

Mwaka ulipotimia, Mheshimiwa alitangaza kwamba mabwawa yamefanikiwa kiasi cha kuhitaji Awamu ya Pili. Utepe mpya ukafungwa kwenye mteremko kati ya kiwanda na mto, juu ya majani mengine. Kwetu mgeni rasmi hula kwanza, kisha huzindua, kwa sababu akishazindua ana haraka ya kwenda kuzindua kwingine. Na kabla ya pilau lazima anawishwe mikono na mwanamke wa mahali pale. Safari hii heshima ilimwangukia Bi Nyamizi, aliyetangazwa Kijidudu Bora wa Mwaka.

Alipiga magoti na beseni na birika, na kizibao chake kimepigwa pasi. Maji yakatoka meupe.

Waziri aliirudisha mikono yake kidogo. "Mama, maji haya mbona hivi?"

"Ya Kisuma, Mheshimiwa. Nimeyachota chini kidogo ya jiwe lako. Yamekwisha kusafishwa."

Kamera ya televisheni ilikuwa imeshasogea, na mpiga picha akapiga goti ili ayapate maji vizuri. Waziri aliitazama kamera, akalitazama birika, na mimi niliyemwona akizindua vitu maisha yake yote sijamwona akifikiri kwa bidii namna ile. Mwishowe akatabasamu.

"Mnaona, wananchi? Maji safi kabisa."

"Sugua, Mheshimiwa," alisema Bi Nyamizi, anamimina tu. "Mpaka kwenye viwiko. Hapo bado."

Alimnawisha kabla ya pilau na baada ya pilau. Hata taulo lilikuwa limefuliwa mtoni.

Mkuu wa Itifaki alileta mkasi wa dhahabu kwenye mto wa mahameli. Waziri akaushika, ukamtoka, ukamwangukia Mkuu wa Itifaki kwenye kidole cha mguu. Akaushika tena, ukaruka ukaingia kwenye safu ya viongozi wa dini. Akajifuta kwenye suti, akaukamata kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika kambare, ukachomoka ukajikita majanini. Shemeji yake, yule wa umma, alipendekeza akate kwa meno. Mkuu wa Itifaki akasema sheria imetaja mkasi. Manaibu wakaanza kusogea mmoja mmoja, kila mmoja yuko tayari kumsaidia Mheshimiwa kuwa mgeni rasmi, na hao Waziri aliwaona mapema akawafukuza kwa macho.

Wakati wote huo mkono wangu ulikuwa juu. Mkuu wa Itifaki akaja akichechemea.

"Wewe, piga tu tuondoke."

"Utepe haujakatika, Mkuu."

"Nimesema piga."

"Nikipiga nitakuwa nimesema umekatika, na wenyewe ule pale unapepea. Hilo si kudhalilisha mamlaka?"

Alinitazama kwa chuki, lakini sheria aliitunga yeye. Mikono ya Waziri ilikuwa imeanza kuwa myekundu na anajikuna waziwazi mbele ya taifa. Wakamtia kwenye gari, maana mlango nao hakuweza kuushika, na msafara ukaondoka.

Vumbi halijatua Bi Nyamizi akavua kizibao. "Mhandisi, hii Awamu ya Pili imezinduliwa?"

"Haijazinduliwa," alisema Lwitiko.

"Kwa hiyo?"

Mhandisi alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka tangu arudi.

Bonde zima lilichimba. Walifunga vitambaa kwenye mipini ya majembe ili yashikike, wakachimba mabwawa matatu, wakayasiriba kwa udongo wa mfinyanzi, na utepe wakauacha pale pale unapepea juu yao. Tindikali ilikuwapo ghalani, ilinunuliwa kwa ajili ya mabwawa ya kwanza na haikuwa na pa kupelekwa. Mafuta yaliyoelea waliyaengua kila asubuhi wakachomea matofali. Safari hii vijidudu vilikuwa vijidudu. Maji yakaingia Kisuma yanaonyesha mchanga wa chini, mchicha ukachipua, na Bi Nyamizi akanunua vifaranga vya bata, vikaelea.

*

Mheshimiwa, baada ya kupona mikono, alipeleka muswada. Sheria mpya ikapiga marufuku kunawa mikono katika hafla zote za kitaifa, kwa sababu za kiusalama. Bunge liliipitisha kwa kishindo, kisha likaenda kula.

Halafu zikaja habari kwamba anarudi Mlima Nyuki kumalizia utepe wake. Hofu iliyolikumba bonde sitaisahau. Mabwawa yale yalikuwa hai kwa sababu watu waliyagusa kila siku, wanaengua, wanapima, wanaziba nyufa. Yakizinduliwa yamekamilika, na kilichokamilika hakiguswi. Wiki chache tu yangefurika mafuta, na maji meupe yangeshuka mtoni kama zamani. Bi Nyamizi aliniuliza kama naweza kuumwa siku hiyo. Nikamwambia bendi ina mpiga ngoma wa akiba.

Mheshimiwa alifika na mikono mikavu kabisa. Njiani alikuwa amepeana mikono na watu wa minada ya ng'ombe na soko la samaki, akala kwa kila mwenyeji, na kwa mujibu wa sheria yake hakunawa popote. Kwetu alikula pilau mpaka sahani ikang'aa. Bi Nyamizi alisimama pembeni, beseni limefunikwa. Macho yake hayakutoka mtoni walipokuwa bata wake.

"Naona mmechimba bila mimi," alisema Waziri, akiyatazama mabwawa kwa dharau kidogo. "Si kitu. Leo yanakuwepo."

Akaushika mkasi, ukashikika. Akautanua kwenye utepe. Mkono wangu ulikuwa juu.

Hapo akasimama. Uso ulimbadilika rangi, jasho likamtoka, akaukaza mwili wote kama askari wa gwaride. Mkasi ukaanguka wenyewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto, majani matupu pande zote, wananchi wamejaa, na kamera imesogea.

"Choo," alisema kwa sauti ndogo. "Choo cha hapa kiko wapi?"

Mtendaji Sadala alitazama chini. Mkuu wa Itifaki alitazama mbinguni. Bi Nyamizi ndiye aliyesogea mbele, akapiga goti kwa adabu zote, akamwonyesha kwa kidole lile jiwe la choo, limesimama peke yake majanini.

"Kimezinduliwa, Mheshimiwa."